Waya wa Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu kamaliza chuo cha umeme wa magari! Wa kwanza katika ukoo mzima, wa kwangu na wa baba yake. Nimeshamwambia kila mtu. Muuza mkaa nimemwambia mara mbili, maana mara ya kwanza alionekana hakufurahi vya kutosha.

Sasa sikiliza. Mwenye gereji wa barabara kuu anatafuta fundi mmoja. Mmoja tu! Wanaoitaka nafasi ni wawili: binti yangu, na mtoto wa wifi yangu, yule tunayemwita Injinia kwa sababu ovaroli lake halijawahi kuona oili. Mwenye gereji kasema Jumamosi atakuja kuendesha pikapu yetu kuukuu, ile tuliyoachiwa na baba mkwe. Binti aifumue nyaya zote, atie mpya. Ikienda vizuri, kazi yake. Ikigoma, kazi ya Injinia.

Pikapu yenyewe sasa! Ukiwasha taa, wipa zinacheza. Ukiwasha wipa, dashibodi inafuka moshi. Panya wamekula nyaya mpaka wamenenepa.

Baba watoto kanisihi nimwache mtoto afanye kazi yake. Nimemjibu sawa. Sawa si kiapo.

Jumanne, 4 Machi

Nimeingia kazini! Binti alikataa kwanza. Nikakaa kwenye tairi la akiba na kuhema kwa nguvu mpaka akanionea huruma.

Kazi yangu ni vibandiko. Kabla hajakata waya wowote wa zamani, anaufunga kibandiko kinachosema unakwenda wapi. Waya mpya ukikatwa kwa urefu uleule, kibandiko kinahamia kwake. Akili hiyo kaitoa kwangu, baba yake hana.

Yeye kajilaza chini ya usukani, miguu nje, ananitajia. Mimi naandika. Mwandiko wangu tangu shule unasifiwa, herufi zimesimama kama askari. Akasema, "Huo wa kushoto, mama." Nikaandika KUSHOTO. Akasema, "Huo wa kulia." KULIA. Akasema, "Huo wa honi." Hapo nikasita. Honi! Neno gani hilo la kuandika kwenye gari la heshima? Nikafikiri: kazi yake nini? Nikaandika kazi yake. Kwa herufi kubwa. Nzuri mno!

Binti hakuona, alikuwa anapiga chafya. Vumbi la miaka yote hiyo.

Jumatano, 5 Machi

Nyaya za zamani zote zimelazwa sakafuni sebuleni, tangu mlangoni hadi kabatini, ili zipimiwe mpya. Tunaruka kwenda jikoni. Baba watoto kala chakula chake amesimama dirishani kama mgeni wa msibani.

Wifi kaja. "Kupita tu," kasema, akakaa mpaka chai ikaisha. Kazitazama nyaya, kaniuliza kama nimeanza kufuga mikunga, samaki wale warefu kama nyoka. Kasema gari lile lipelekwe kwenye chuma chakavu na mtoto wa kike atafutiwe kazi ya kukaa. Nikamwambia wifi yangu mpenzi, binti yangu atakaa kweli, atakaa kwenye kiti cha fundi mkuu, na Injinia atamshikia tochi!

Kaondoka bila kuaga. Kajikwaa kwenye waya wa breki. Nimeusamehe ule waya.

Ijumaa, 7 Machi

Zimeingia zote! Nyekundu, nyeusi, kijani, zimefungwa tepu safi, zimelala ndani ya boneti kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye subira. Binti akafunga betri. Nikafumba macho. Hakuna moshi! Taa kubwa, wa! Breki, wa! Taa ya kona ya kushoto, inakonyeza. Kulia, inakonyeza. Nimepiga kigelegele mpaka kuku wa jirani wakapanda ukuta.

Kasema alikuta nyaya mbili za KULIA pale kwenye usukani, bila shaka moja ya taa ya mbele na nyingine ya nyuma, kaziunga pamoja. Nikamwambia vizuri sana mwanangu. Sikuwa nasikiliza hasa, nilikuwa nasugua honi. Maana honi niliing'oa tangu jana, niisugue kwa majivu, ing'ae. Binti kaniambia niirudishe asubuhi aifunge na kuijaribu mwenyewe. Mwenyewe! Kwani mama ni mgeni?

Jumamosi, 8 Machi

Leo naandika yote.

Alfajiri, binti akiwa bado anaoga, nikaifunga honi mimi. Waya nilioutafuta niliujua kwa mwandiko wangu. Nikamwambia kila kitu tayari, nimeshaijaribu. (Niliijaribu moyoni.)

Mwenye gereji akaja. Mtu mfupi, haongei. Akashika usukani, binti kando yake, mimi nyuma nimesimama, kilemba kipya, napungia watu. Kwenye lango la wifi wamesimama yeye na Injinia, mikono kifuani. Tukakata kushoto, laini kama siagi. Nikawapungia zaidi!

Kisha akawasha taa ya kulia.

PO! PO! PO! PO!

Gari zima linapiga kelele, kwa mapigo, kama jogoo mwenye kwikwi. Mwendesha baiskeli kaingia mtaroni. Mwashi kateremka ngazi kuuliza kuna nini. Mwenye gereji akabonyeza honi kuomba radhi: PO moja ndefu, na taa ya kulia ikawaka nayo. Injinia kakaa chini kwa kicheko. Wifi anautangazia mtaa mzima, "Nilisema mimi! Nilisema!"

Mwenye gereji akazima gari. Akamwambia binti maneno mawili tu: "Tafuta kosa."

Mtoto kainama. Kafungua chini ya usukani, kafuata waya kwa kidole, kafika kwenye vibandiko viwili. Kavisoma. Kanitazama. "Mama. Hii KULIA ya pili ni ya nini?"

Nikamjibu kwa ukweli: ya honi. Honi kazi yake si kulia?

Mwenye gereji akaweka kipaji cha uso kwenye usukani. Mabega yakatikisika. Nilidhani analia naye.

Binti akazitenganisha nyaya, akaijaribu kila taa, akaijaribu honi. Zote sawa, kabla hata kikombe cha chai hakijapoa. Mwenye gereji akamwuliza kosa la nani. Nikajibana nyuma ya pikapu. Binti akasema, "Langu. Niliamini kitu ambacho sikukijaribu mwenyewe." Akaitikia kwa kichwa yule mtu, polepole. Akasema Jumatatu saa mbili. Akanitazama mimi, akamtazama tena binti, akasema kwa sauti ya juu: "Na uje peke yako."

Wa peke yake! Mbele ya wifi! Kwamba hana mfano! Nimelia barabarani, mimi na honi.

Baba watoto anasema sicho alichomaanisha. Wivu.

Kuhusu vibandiko sina la kujutia. Nimeandika sahihi, herufi zote zipo. Kosa ni la lugha, neno moja kupewa kazi mbili.

Jumatatu, 10 Machi

Kaenda! Ovaroli jipya, mgongo umenyooka, machozi yangu yote kwenye kola yake. Kaniomba kitu kimoja tu, tena kwa kunishika mikono yote miwili: nisije gereji. Nimeahidi. Nitapita tu na pikapu mchana, taratibu, nimpungie. Kupita si kuja.

Nimeifungua boneti niipanguse kidogo kwa safari. Kuna kisanduku cha fyuzi, na ndani yake fyuzi mbili zinazofanana kabisa. Rangi moja, namba moja. Mtoto kajisahau, kaweka ya ziada. Masikini, uchovu.

Nimechomoa moja, nimpelekee.