Funguo za Pikapu ya Kikundi

Jumatatu, 18 Mei 2015
Nimefanikiwa. Funguo zote mbili za pikapu mpya ya kikundi chetu cha kahawa ninazo, kwenye pete moja, kwa mnyororo kiunoni. Mmoja ni wangu mimi, mwalimu na katibu wa kikundi. Wa pili ni wa mwenyekiti, Urbanus, bwana shamba mstaafu. Nilimwambia ufunguo wake unahitajika kwa ukaguzi wa mali. Akanipa bila swali. Mtu asiyesoma katiba hupatikana hivyo.

Uchaguzi wa uongozi wa kikundi ni Jumapili, nami nagombea. Na nesi Scola amesema mtoto wa Verediana amekaa vibaya tumboni. Verediana ni mkimbizi wa Burundi, tunaishi naye tangu avuke milima. Lazima afike hospitali ya mkoa kabla ya Ijumaa, na pikipiki haifai kwa hali yake. Nitampeleka mimi. Kijiji kizima cha Kalinzi kitaona nani yuko kwenye usukani.

Jumanne, 19 Mei
Starta inazunguka, injini haiwaki. Mara tisa. Verediana alikuwa ameshaketi mbele na kifurushi chake. Nikamweleza kwa utulivu kwamba injini ya dizeli huhitaji hewa, mafuta na mgandamizo. Akauliza ile taa nyekundu yenye picha ya ufunguo, inayowaka na kuzimika, ni ya nini. Nikamweleza ni ukumbusho, dereva asisahau ufunguo ndani. Magari ya siku hizi yana adabu.

Akaitikia ndiyo kwa Kirundi, "Ego, mwalimu," akashuka polepole, ameshika mgongo.

Jumatano, 20 Mei
Magari mengine yote ya hapa kijijini yameshuka Kigoma kubeba wakimbizi waliofika kwa meli. Tumebaki na hili.

Fundi Nickson amepanda kutoka Kidahwe. Kabadili chujio la dizeli, katoa hewa kwenye mipira ya mafuta. Bado. Aliomba ufunguo awashe mwenyewe. Nilikataa. Nikawa nawasha mimi, nimejikunja, maana mnyororo wa kiunoni ni mfupi. Akauliza kuhusu ile taa. Nilimweleza naye.

Urbanus alipita na mwavuli wake, akataka kujua kama ukaguzi umekwisha. Nikamjibu kwamba mali iko katika hali nzuri.

"Nzuri kweli, mwalimu. Ila imelala."

Watu wakacheka. Nilizihesabu kura zikiondoka. Scola hakucheka. Alisema tumbo limeshuka.

Alhamisi, 21 Mei
Uchungu umeanza asubuhi.

Wanaume kumi na wawili waliisukuma pikapu mteremko mzima hadi darajani. Haikuwaka. Ikabidi Verediana ashushwe kwa machela kuifuata. Alikuwa ameuma kitenge asipige kelele. Nikaanza kuwaeleza kuhusu wepesi wa hewa ya milimani. Scola akanikatiza: mzee, mama huyu ana saa chache, na mtoto ana chache zaidi.

Nikazungusha tena. Starta ikalia, injini kimya.

Urbanus akanyoosha kiganja. Alisema kama gari linakufa, basi life mikononi mwa mwenyekiti; nimrudishie ufunguo wake. Wote wakanitazama. Pete ilikuwa ngumu, niliifungua kwa meno. Akaingia, akawasha. Injini ikanguruma hapo hapo.

Wakaondoka. Nilibaki darajani na ufunguo wangu mmoja.

Jumamosi, 23 Mei
Amejifungua kwa upasuaji. Mama mzima, mtoto mzima. Scola anasema ingepita nusu saa nyingine tungekuwa tunachimba kaburi. Mtoto ameitwa Urbanus.

Nickson alipita kunieleza. Eti ndani ya kila ufunguo kuna kidude kinachojitambulisha kwa gari. Viwili vikikaa pamoja vinasema kwa wakati mmoja, gari halimtambui yeyote, linakataa kuwaka. Ndiyo maana ya ile taa. Nilimsikiliza kwa subira, kisha nikamsahihisha. Kilichotibu ni mteremko, na wazo la kusukuma lilikuwa langu.

Nimemaliza ajenda ya mkutano wa kesho. Nimeandika kwamba, baada ya uchunguzi, tulichelewa kwa sababu funguo zilikuwa za watu wawili. Napendekeza zote zitunzwe na mtu mmoja tu, msomi na mtulivu. Nafasi ya jina nimeiacha wazi, isije ikaonekana najipendekeza.