Kompyuta Iliyovimbiwa na Salamu

Jumatatu, 6 Machi 1989
Kompyuta imenigomea tena. Niliiwasha asubuhi, nikaenda kwa Mumina, muuza chai, kunywa kikombe, nikarudi, bado inasota. Halafu ikaniandikia kwa Kizungu kwamba memori haitoshi. Ala! Mimi Halkano, mtu pekee Isiolo anayetuma barua kwa waya wa simu mpaka Nairobi, Marsabit na Garissa, niambiwe hayo na sanduku?

Bwana Githae, mkubwa wa mradi wetu wa chanjo ya mifugo, alisimama mlangoni. Ng'ombe wa Ngaremara wanakohoa, dawa iagizwe. Akasema mashine isipokaa sawa kufikia Ijumaa, kiti changu ni cha Jemimah, karani wa kupiga chapa, na mimi nitaenda huko porini Rapsu kuchanja mbuzi. Jemimah akajifanya anatafuta karatasi. Alikuwa anacheka.

Rapsu! Mbuzi hawajui cheo.

Jumanne, 7 Machi
Nimegundua ugonjwa. Ni joto. Hata mimi saa saba mchana sikumbuki kitu. Nimechukua feni ya Jemimah nikaielekeza kwa kompyuta. Akauliza yeye atapata hewa wapi. Nikamjibu kwa upole kwamba kichwa chake hakina memori ya kuharibika. Hajaniongelesha tena. Raha tupu.

Mashine haikupona. Feni imeijaza vumbi lote la mtaa wetu wa Bulla Pesa.

Jumatano, 8 Machi
Mwizi wa memori ni Jemimah! Barua zake hazina adabu. Tuma chanjo, haraka, basi. Kwetu Waborana, mtu akiingia boma hivyo hata mbwa wanashangaa. Unaanza na nagaa, amani, halafu unauliza amani ya watoto, ya ng'ombe, ya ngamia, ya kisima, na mvua ikoje. Kwa hiyo yeye akienda nyumbani, mimi huziongezea barua zake salamu ndipo nazituma. Naokoa jina la ofisi. Hashukuru, kwa sababu hajui.

Hirsi, mwenzangu wa Garissa, yeye ni muungwana. Leo ameniletea salamu kurasa nne. Ameuliza hata goti la mama. Chini amebandika barua yangu yote, nione amejibu kila kitu, na chini yake barua yake ya kabla ya hiyo, na yangu ya kabla yake. Kumbe anataka kunishinda kwa heshima! Ng'o. Nimemjibu kurasa saba. Barua ni nusu ya kuonana. Hii yangu ni kuonana na kulala huko huko.

Nikaanza ya nane, mashine ikazimika nikiwa bado kwenye salamu za ngamia. Ukali wa Jemimah umeichosha, ni wazi.

Alhamisi, 9 Machi
Kinyua, fundi wa Nairobi, amepiga simu. Anasema kila asubuhi mashine hubeba kichwani barua zote nilizoweka, kwa mkupuo mmoja. Nifute za zamani. Akauliza mbona barua zetu ni ndefu hivyo. Nikamwambia hayo ni mambo ya mila, hawezi kuelewa. Akakata simu. Hakuaga!

Kufuta salamu ya mtu? Huko ni kutupa amani yake. Dhidi ya laana hiyo nani atanichanja? Lakini akili ninayo. Nimefuta zile zisizo na salamu tu. Moja ya Jemimah ilikuwa bado haijaondoka, kavu kama mfupa, inaanza na neno Ngaremara. Sikusoma zaidi. Asiyenisalimu sina haja naye.

Ijumaa, 10 Machi
Nimetoka msikitini nikakuta moto. Dawa haijaagizwa! Eti agizo lilikuwa ile barua kavu. Sasa mimi ningejuaje?

Mzee Dima amekuja kwa miguu kutoka Ngaremara. Ndama wake wawili wamekufa. Nikamsalimu kwa urefu unaomstahili. Akaniacha nimalize, kisha akauliza chanjo iko wapi. Roho iliniuma, sitaki kudanganya.

Jemimah akaketi kwenye kiti changu akafuta kila kitu. Amani ya mwaka mzima! Agizo lake likaondoka kabla sijameza mate. Githae alitaka niende Rapsu leo leo, ila Mzee Dima akaniombea. Akasema kijana ana adabu, labda akili iko njiani.

Jumatatu, 13 Machi
Dawa imefika, ng'ombe wanachanjwa. Githae amenipa nafasi ya mwisho. Niandikie Nairobi kwamba dawa imefika. Neno moja zaidi, Rapsu.

Nikaandika dawa imefika. Nikaitazama. Uchi wa mnyama! Nikaongeza nagaa. Nagaa peke yake ni upweke, nikaongeza ng'ombe. Halafu haki iko wapi Nairobi wapate na Hirsi akose? Nikatuma kwa wote, pamoja na kuwaomba wanirudishie salamu zote zilizofutwa.

Waungwana hawa! Wamezirudisha zote mchana huu. Mashine imelala, haiamki.

Jumanne, 14 Machi
Rapsu. Nimeletwa na Land Rover, Jemimah hajawahi kupewa hiyo. Wivu wa Githae utamuua. Hapa kuna redio ya mawasiliano, ya dharura tu, na wanasema betri yake ni dhaifu sana. Kesho asubuhi naanza kumsalimu Hirsi. Kwanza ngamia.