Mnunuzi wa VX Asiye na Haraka

Jumanne, 3 Juni

Leo nimeanza rasmi kununua gari. Fedha za gari sina. Hilo dogo. Watu wanaangalia magari kila siku na hawakamatwi.

Tangu nistaafu kazi ya mizani ya magari barabara kuu, simu yangu hupigwa na mwanangu Rodgers tu, kutoka Mwanza, Jumapili baada ya ibada, na huwa ana haraka. Nilipokuwa kazini hakuna lori lililopita bila kusimama mbele yangu. Madereva walinisalimia mpaka nikachoka. Siku hizi, na Mama Rodgers naye ameshatangulia mbele ya haki, naweza kukaa kutwa nzima bila kutamka neno. Jioni najaribu sauti kwa kumfokea kuku wa jirani.

Lakini juzi nimegundua kitu. Anayeuza gari hamchoki mtu. Nilipiga namba iliyobandikwa kwenye kioo cha gari fulani pale stendi, nikaulizwa habari za nyumbani, habari za afya, na kama nimekula. Leo nimepiga namba nyingine. Amepokea Mama Victoria, mjane wa mfanyabiashara wa tangawizi, nyumba ya bati la bluu nyuma ya soko. Anauza VX ya marehemu. Nyeupe, viti vya ngozi. Amesema niende nikaione.

Nimekwenda. Dashibodi inasoma kilomita elfu sitini na nane. Nimetikisa kichwa taratibu, kama wanavyofanya madalali, nikasema kilomita chache hivi kwa gari la umri huu si za kukubali haraka. Akaniuliza kama naweza kuzifikiria huku nakunywa chai. Chai ya tangawizi, na mihogo ya kuchemsha. Nimezifikiria mpaka birika likaisha.

Ijumaa, 6 Juni

Asubuhi yote nimetunga maswali. Mnunuzi wa kweli huuliza yote kwa mara moja, analipa, anaondoka. Kosa kubwa sana. Mimi nimeyagawa. Siku moja, swali moja.

Leo ilikuwa zamu ya pedali. Kama kilomita ni za kweli, raba ya breki inatakiwa iwe bado na mistari yake. Nimeinama, nimechungulia. Mistari yote ipo. Nimesikitika. Nimemwambia Mama Victoria kwamba wajanja hubadilisha raba. Akasema marehemu hakubadilisha hata balbu ya choo miaka yote ya ndoa yao, leo abadilishe raba ya pedali?

Nimecheka kwa sauti. Sikumbuki mara ya mwisho nilicheka nikiwa na mtu mbele yangu.

Jumanne, 10 Juni

Hatari! Mama Victoria amenipa funguo, amesema niliendeshe mwenyewe nilisikie. Mimi sijui kuendesha. Nimepima uzito wa magari ya nchi tatu na sijawahi kushika usukani hata wa trekta.

Nimemwambia mnunuzi makini hukaa kiti cha abiria, kwa sababu shokapu mbovu husikika zaidi upande wa kushoto. Ameniangalia kwa muda. Kisha amechukua funguo, akaendesha yeye.

Tumepanda njia ya Mwembe. Anaendesha vizuri kuliko madereva wengi niliowaona. Nikaeleza, kwa sauti ya kitaalamu, kwamba kilomita moja ya mlimani si sawa na kilomita moja ya lami, na kwamba safari za marehemu kwenda Myamba kufuata mzigo wa tangawizi zihesabiwe mara mbili. Kwenye kona moja amesimamisha gari. Amesema hapo ndipo mume wake alipokuwa akisimama kila mara, anashuka, anaangalia nyika kule chini, anasema twende. Akafuta macho kwa ncha ya kanga.

Nilitaka kumwambia pole. Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi nyumbani kwangu kuna kiti sikikalii. Badala yake nimeuliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini.

Alhamisi, 12 Juni

Adui amejitokeza. Anaitwa Lazaro, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka tambarare. Kijana mrefu, viatu vya gharama. Amenikuta barazani na kikombe changu, amenipa shikamoo, kisha akauliza kama mimi ndiye kaka wa mama. Nimeitikia marahaba. Lile la kaka sikulisahihisha.

Ana fedha taslimu. Anataka gari wiki hii! Ningekunywa chai wapi wiki ijayo?

Nimetenda haraka. Kwanza nimemvuta Lazaro pembeni, nikamnong'oneza kwamba kilomita chache bila rekodi za sevisi maana yake ni moja: kuna fundi amezirudisha nyuma. Ameshtuka. Kisha nimemwambia Mama Victoria kwamba kuuza gari la hadhi hii bila historia kamili ni kujidhulumu, atapunjwa. Akazitafute rekodi kwenye gereji ya Moshi alikokuwa akilipeleka marehemu. Zote, tangu gari lilipoingia nchini.

Nawajua mafundi mimi. Kuna atakayesema karatasi zililiwa na panya, kuna atakayesema mwenye ufunguo kasafiri. Mpaka Krismasi hakuna kitakachopatikana. Nimerudi nyumbani nikapasha makande ya jana, nikayala nimesimama, kwa furaha.

Jumanne, 17 Juni

Nimekwisha.

Binti yake, Victoria, anaishi Moshi. Amekwenda gereji mara moja tu. Mwenye gereji ni mtu wa mpangilio, sijui katokea wapi. Ametoa kila kitu: kila walipomwaga oili, mkanda wa taimingi, matairi, tarehe na kilomita zake, mhuri juu ya mhuri. Hakuna pengo. Elfu sitini na nane ni za kweli tupu. Marehemu alikuwa akienda Myamba na kurudi, Moshi kwa sevisi na kurudi, basi.

Lazaro amesoma yote. Kisha akanigeukia akaniuliza, mzee, wewe unasemaje. Mama Victoria naye akaniangalia. Nilitafuta swali. Nimetafuta kwenye injini, kwenye bodi, chini ya zulia. Sikubakiwa na swali hata moja. Nikasema ni gari zuri.

Amelipa bila kubembeleza bei. Amenishika mkono kwa mikono miwili, amesema bila maswali yangu angebaki na wasiwasi na pengine angekwenda kununua kwingine. Mama Victoria amepata zaidi ya alichotarajia, akataka kunipa changu cha udalali. Nimekataa. Nimesaidia kufungua geti. VX imetoka, na ua wote ukawa mkubwa ghafla. Nilijisikia vibaya sana, kama siku walipotukabidhi vyeti vya kustaafu na kutuonyesha mlango.

Nilipoaga, Mama Victoria alinisindikiza mpaka barabarani. Amesema tangu siku ile ya kiti cha abiria alijua sinunui gari. Hakukasirika. Kisha akasema, "Baba Rodgers, Jumanne ijayo napika makande. Uje tu. Hakuna cha kukagua."

Jumatatu, 23 Juni

Siku sita nafikiria ile "uje tu".

Uje kufanya nini? Gari limeshauzwa. Mtu mzima haendi nyumbani kwa mtu bila shughuli. Nimepiga pasi shati jeupe, nimelivaa, nimekaa kitandani kujaribu sentensi ya kuanzia. Habari za leo. Nzuri. Halafu? Kwenye gari unaanza na oili. Kwa mtu sijui wanaanzia wapi. Nikawaza kumuuliza kama anauza friji.

Saa nne Mama Victoria ametuma ujumbe kuuliza kama kwenye makande ya kesho natumia pilipili au situmii. Nimeusoma mara nyingi. Nimeandika jibu, nimelifuta. Nimechunguza kwa makini na nimefikia uamuzi kwamba ni adabu tu. Mama wa watu ni mkarimu, angemwalika hata msoma mita. Si vizuri kumchukulia mtu neno lake la ukarimu kama ahadi. Nimevua shati nikalitundika.

Mchana simu imelia. Jamaa mmoja wa kule Ndungu, mwenye mashamba ya mpunga, amepewa namba yangu na Lazaro. Anauza Prado, kilomita elfu tisini na moja, amesikia mimi ni mtaalamu. Ameniuliza habari za nyumbani, na kama nimekula. Tumeongea mkanda wa taimingi mpaka salio lake likakata, akanunua jingine akapiga tena. Ameuliza naweza kwenda lini kuliona.

Nimemwambia kesho, Jumanne. Sina shughuli yoyote.