Papai Juu ya Bafta

Jumatatu, 9 Agosti 1954
Padri katangaza mashindano ya picha, Jumapili hii ya Kupalizwa Mama Maria. Matunda na vyombo tu, mtu asionekane. Itakayoshinda itatundikwa mlangoni mwa kanisa mwaka mzima. Gaspar wa kwaya akaniuliza kama bado nakata watu vichwa. Basi tu kwa kuwa picha yangu ya Kipaimara ilimtoa askofu kuanzia kifuani kwenda chini. Nimewaapia kwaya nzima nitamshinda. Mungu anisamehe majivuno, ila nimekwisha sema.

Jumatano, 11 Agosti
Siku mbaya.

Mke wangu Kokushubila alikwenda jana Vingunguti kumwuguza dada yake, naye mwenyewe akikohoa. Nikaona ndiyo nafasi. Kamera ya kisanduku nimeazima kwa rafiki yangu Adelard, filamu imebaki picha mbili. Kamera hii ukisogea karibu inatia ukungu, na chumba chetu ni kidogo. Nikatoa vyote nje. Viti, kabati, kitanda.

Kisha nikaenda dukani kwa Masoud kununua bafta nyeupe ya kutandika. Akaniuliza ya nani. Nikamwambia ni siri, asimwambie mtu. Akanitazama kwa huruma, akapunguza bei mwenyewe.

Nimeweka papai juu ya bafta, birika la harusi yetu ubavuni. Nimepiga magoti kulenga. Mlango ukafunguka. Bi Wahiba, jirani, akaketi chini analia, anauliza marehemu kafa saa ngapi na kama sanda hii imetosha. Nyuma yake wanawake na mikeka. Uani mzee Mwinshehe anatafuta vijana wa kuchimba.

Nikasema hajafa mtu, ni papai. Wakasema maskini, Revelian majonzi yamempanda kichwani. Wakanikalisha, mzee Mwinshehe naye akaingia, wakanishika mikono. Papai wakalikata, wakanilisha nipate nguvu. Katika vuta nikuvute hiyo kamera ikapiga picha zote mbili.

Alasiri Kokushubila akaingia, macho yamevimba. Njiani kaambiwa kwake kuna msiba, akajua ni mimi. Bi Wahiba alipomwona akarudi nyuma hadi ukutani. Mke wangu akanikuta natafuna. Akanyamaza. Mpaka sasa.

Jumapili, 15 Agosti
Gaspar kashinda. Kikombe na rozari dirishani, hakutoa hata kigoda nje. Picha yangu moja ni giza. Ya pili maganda ya papai na unyayo wa mzee Mwinshehe. Padri kasema unyayo ni mtu. Wanakwaya wa sauti ya nne walicheka hadi sadaka ikachelewa.

Kokushubila leo kasema nami. Kasema alilia kutoka Vingunguti mpaka mlangoni, nami nakula papai. Nirudishe kamera, nikaombe radhi nyumba kwa nyumba. Nimekwenda.

Ila Noeli kuna mashindano mengine, na kosa nimeliona: ndani hakuna mwanga. Nitapigia uani. Nitafunga turubai kukinga jua, niazime mabenchi kwa Bi Wahiba na lile sufuria kubwa la mzee Mwinshehe, litokee vizuri kwenye picha. Hapo nje, mbele ya macho ya watu, hapana atakayefikiri vibaya.