Presha ya Oili ya Mama Leonia

Eustace hakuwa fundi, lakini mjini Tabora hapakuwa na fundi aliyevaa koti jeupe safi kama lake. Alikaa kwenye kibanda jirani na stendi, shingoni kaning'iniza kifaa cha kusikilizia mapigo ya moyo, alichokinunua kwa mtu ambaye hakumuuliza alikitoa wapi. Magari mapya hayakumhusu. Alingoja yale ya zamani, ya watu waliotoka vijijini, wenye haraka, wasiojua kilichomo chini ya boneti.

Kazi yake ilikuwa nyepesi. Kwenye injini kuna swichi ndogo inayolinda presha ya oili. Presha ikishuka, inawasha taa nyekundu mbele ya dereva. Lakini waya wa swichi hiyo ukigusa chuma, taa huwaka hata kama injini ni nzima kama yai. Eustace alikuwa na pini. Alichoma waya, akaegemeza pini kwenye chuma, kisha akavaa sura ya padri anayesogelea kitanda cha mgonjwa. Mwenye gari akishakata tamaa, Eustace alilichukua kwa bei ya msiba.

Jumanne moja asubuhi aliingia mama mmoja wa makamo, Leonia, mfuga nyuki wa Goweko, akiendesha pikapu tupu iliyonukia asali. Bodi haikuwa na kutu. Injini ilinguruma kwa adabu. Eustace alinyanyuka kabla gari halijasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nitazamie tu oili na maji, nina safari ya kurudi nyumbani."

Eustace alichomoa kijiti cha oili, akakinusa, akaguna. Aliisikiliza injini kwa kile kifaa chake, huku mkono wa pili ukishughulika na pini.

"Hebu washa tena, mama."

Taa nyekundu ikawaka, ikabaki inawaka.

"Hiyo ni presha ya oili," alisema kwa upole. "Imeshuka. Beringi za ndani zimelika, chuma kinasaga chuma. Nisikufiche, mama yangu, hili gari Goweko halifiki."

"Una hakika?"

"Nina miaka kumi na miwili kwenye kazi hii."

Hilo lilikuwa kweli, ukikubali kuiita kazi.

Mama Leonia akashika tama. "Sasa nifanyeje mimi?"

"Udhaifu wangu ni huruma," Eustace alisema, na kwa dakika ile aliamini hivyo mwenyewe. "Chukua pikipiki yangu, bado mpya. Niachie mimi huu mzigo."

Mama alisitasita kama inavyotakiwa. Kisha akaomba kadi ya pikipiki, akakagua breki, akadai kofia ngumu na tangi lijazwe mafuta. Waliandikishana, akafunga khanga kiunoni, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Eustace alichomoa pini. Taa ikazimika. Akampigia simu Masolwa, mkulima wa Kwihara aliyekuwa akitafuta pikapu, akamwambia aandae hela na chai.

Njia ya Kwihara ni ya kale. Misafara ilipita huko na pembe za ndovu mabegani, na bila shaka katika kila msafara alikuwemo mmoja aliyetembea akichekelea jinsi alivyompunja mwenzake shanga. Eustace naye alichekelea. Injini ilipopata moto sawasawa, taa nyekundu ikawaka.

Hakushtuka. Nani angemfundisha yeye uongo wa taa? Alijua ni ule waya aliouchubua, umegusa chuma. Akasimama, akauchomoa kabisa kwenye swichi. Taa ikazimika, akaendelea na safari. Baadaye injini ikaanza kugonga, ko, ko, ko. Akaongeza sauti ya redio. Kabla ya kufika Kwihara kitu kilipasuka humo ndani, gari likajikaza na kusimama katikati ya barabara.

Akampigia Mama Leonia.

"Mama, gari limekufa."

"Pole, mwanangu. Dionis, fundi wa kwetu, alilifungia geji ya kupima presha mwezi uliopita. Likiwa baridi presha ipo, likipata moto inashuka mpaka karibu na sifuri. Beringi zimelika, matengenezo yake yanazidi bei ya gari. Ndiyo maana nililipumzisha hapo jirani, Itetemia, kwa dada yangu mpaka lipoe, ndipo nikakuletea."

"Ulijua, na hukuniambia?"

"Uliniambia wewe mwenyewe. Ningebishanaje na mtaalamu? Na mdogo wangu Zablon anakusalimu. Wewe ndiye uliyemchukulia gari lake mwaka jana, likiwa zima."

Simu ikakatika. Eustace alifikiria kwenda polisi, akafikiria maelezo ambayo angelazimika kuandika huko, akaacha.

Masolwa, aliyechoka kungoja, alimfuata kwa miguu. Alilizunguka gari, akachungulia chini na kuona oili inachuruzika mchangani.

"Gari silitaki tena," alisema. "Ila maksai wangu wanaweza kulivuta mpaka mjini. Ujira ni matairi manne."

"Bila matairi litavutwaje?"

Masolwa alilitafakari swali hilo kwa uzito uliolistahili.

"Basi nitayafungua tukifika."

Maksai walipoletwa, Eustace aliingia ndani akashika usukani, maana hata gari lililokufa linahitaji mtu wa kulielekeza, na maksai wakaanza kuelekea mjini, taratibu, mchana kweupe, siku ya gulio.