Kadi Yangu na Viwavi vya Mama Mkwe

Alhamisi, 4 Juni 1953
Tume ya kadi itapita mtaani kwetu Jumanne. Mwenye kadi anahesabiwa évolué, Mwafrika aliyestaarabika machoni pa Wabelgiji: hapigwi fimbo, na polisi hawamsumbui akitembea usiku. Nani anastahili kama si mimi? Karani wa ghala la stesheni, miaka kumi na moja, mwandiko wangu hauna mfano Kindu nzima. Mwaka jana nilichapwa fimbo nane kwa magunia ya mchele ambayo hata sikuyagusa, mbele ya wapagazi. Mgongo ulipona. Aibu haijapona. Isidore wa posta naye ameomba. Mtu anayelamba vidole!

Ijumaa, 5 Juni
Nina mpango. Jumapili baada ya misa Bwana Ajenti, Mzungu wa serikali na mjumbe wa tume, hutembea sokoni. Atatukuta familia nzima, tumevaa, tumeshikana mikono. Nimemfundisha mke wangu Pélagie kusema bonjour na merci. Nimemkataza kubeba kikapu kichwani. Nimemkataza kubishana bei. Akauliza, sasa sokoni anakwenda kufanya nini? Mambo ya maendeleo hayaelezwi jikoni.

Jumapili, 7 Juni
Siku mbaya. Viatu nilivyomwazimia Pélagie vilimbana, akachechemea tangu kanisani. Watoto wawili walilia kwa joto la soksi. Wauza samaki walipoona mke wangu analipa bei ya kwanza bila neno, wakapandisha wote, safu nzima mpaka karibu na mto.

Mama mkwe huuza viwavi vikavu pembeni mwa wauza mawese. Nilikuwa nimepanga njia ya kumkwepa. Akatuona yeye kwanza. Akaita kwa sauti: "Mukwe wangu! Kuya ukamate viwavi ya batoto!" Kwa desturi ningesimama kando, niiname, nipokee kwa mikono miwili. Lakini Bwana Ajenti alikuwa nyuma yangu kabisa. Akaniuliza kama namjua yule mama. Nikasema hapana, Bwana, ni mchuuzi tu.

Mama mkwe alishusha mkono. Hilo ndilo lililoniudhi. Pélagie akavua viatu, akanikabidhi, akaenda na watoto kukaa nyuma ya mama yake. Ndipo akatokea Isidore, si mkwe wala nani, akainama, akapokea viwavi vyangu kwa mikono miwili. Bwana Ajenti akaonja kimoja. Akasifu!

Jumanne, 9 Juni
Tume imekuja. Meza nimetandika, sahani nne, uma nne. Mtu mmoja. Wakauliza mke yuko wapi. Nikasema kanisani. Wakauliza na watoto. Nikasema kanisani pia. Mmoja akaingia jikoni, akagusa majivu, yamepoa. Wakaandika kidogo, wakaondoka. Kwa Isidore wamekaa saa nzima, na kicheko kilisikika mpaka kwangu. Nimekula wali peke yangu kwa uma, kwa uchungu.

Alhamisi, 11 Juni
Amuri, mjomba wa Pélagie, ameleta neno la ukoo. Mke na watoto watarudi nikipeleka mbuzi na kumwomba mama mkwe msamaha palepale nilipomkana, wachuuzi wote wakisikia. Nimeshindwa kulala. Mtoto mdogo ameniachia soksi moja chini ya kitanda. Nimekubali.

Jumapili, 14 Juni
Nimefanya kama nilivyoagizwa, na vizuri zaidi. Sikuanza mara moja. Nilisimama na mbuzi karibu nusu saa, wachuuzi wakiniuliza nangoja nini, mpaka nikaona kofia ya Bwana Ajenti. Hapo nikapiga magoti kwenye matope, suruali yangu nyeupe, nikaomba msamaha kwa Kifaransa safi, kwa sauti kubwa. Hata maneno magumu niliweka.

Mama mkwe akamwuliza Pélagie nimesema nini. Pélagie akajibu: "Sijui, mama. Haseme na siye. Anasema na Muzungu."

Mbuzi wamempokea. Mimi hapana. Wameondoka naye, watoto wakimshika kamba, bila kugeuka.

Lakini Bwana Ajenti alisimama akanitazama sana, kisha akaandika kitu katika kijitabu chake. Nina hakika ni jina langu. Jioni nimepita kwa seremala Sumaili nikaagiza fremu ya kadi, ya mninga, yenye kioo.