Jibu Sahihi, Alama Sifuri

Leo kijiweni hakukaliki. Fundi Kadirio, seremala wetu anayeamini jicho lake kuliko futi, kaja na daftari la bintiye kalikunja mkononi kama anatafuta wa kumchapa.

"Hebu oneni, jamani! Majibu kumi, yote sahihi, halafu sifuri! Mwalimu kauliza, 'Umefikirije?' Mtoto kajibu kwa adabu zote, 'Nimemuuliza baba.' Hayo si maelezo?"

"Maelezo ya nyumbani kwenu hayo," akasema Kinyozi.

"Kesho naenda shuleni. Atanieleza yeye!"

Bi Moto, mwenye birika la kahawa, akashika kiuno. "Fundi, benchi hili umelitengeneza wewe. Mwaka wa sita huu, mtu akikaa huku anaishia kule. Nawe tueleze ulifikirije."

Mimi nilikuwa nimeshateleza hadi mapajani kwa Kinyozi, kama kawaida yangu.

"Kazi ndogo!" Fundi akacheka kwa dharau. "Mguu wa kwanza nilipima kwa futi. Wa pili nikaupima kwa wa kwanza. Wa tatu kwa wa pili..."

"Ukishachora mstari, unakata ndani au nje?"

"Nje, Bi Moto! Mbao ikizidi hupunguzwa, ikipungua haiongezwi. Inazidi nusu sentimita tu."

"Halafu mguu unaofuata unaupima kwa huo uliozidi?"

"Ndi..."

Kinyozi naye hana huruma. "Na yale madawati arobaini uliyoitengenezea shule, fundi?"

"La pili nililipima kwa la kwanza..." Sauti ikafifia. "Mungu wangu! La arobaini limezidi karibu sentimita ishirini!"

"Umefikirije?" tukampigia kelele wote.

Safari hii alieleza. Alichovya kidole kwenye kahawa, akaandika juu ya benchi: mara thelathini na tisa, kila mara nusu. Taratibu kabisa. Uzee wote huu, ndiyo kwanza naielewa hesabu.

"Hilo la arobaini analikalia nani?" akauliza Bi Moto.

Fundi akalinyoosha daftari gotini. "Binti yangu. Kila jioni ananiambia, 'Baba, miguu yangu haifiki chini.' Namjibu, 'Utakua tu.'"

Hakucheka mtu, hata Kinyozi.

Fundi akainuka.

"Kwa mwalimu si ulisema kesho?" nikamuuliza.

"Naenda sasa hivi. Bi Moto, nishikie kikombe, nikachukue msumeno."

"Na futi!" tukapaza sauti.